Toa jik kwenye chupa ya soda, keja yako ni ndogo

Mimi sina kabati. Wacha niseme hivyo mapema, maana kila nikifungua TikTok kutafuta jinsi ya kupanga sabuni na vitu vya usafi kwenye nyumba ndogo, kuna dada fulani wa ng'ambo ananiambia nianze kwa kutoa kila kitu kabatini. Kabati gani sasa? Halafu anafungua mlango chini ya sinki, ndani kuna vikapu vyeupe vimeandikwa majina kwa mwandiko wa kadi ya harusi. Hiyo keja yake anayoiita ndogo ingemeza nusu ya ploti yetu hapa Illasit, na keateka angebakiwa na chumba cha wageni.

Huku nyumba ndogo ni singo. Futi kumi kwa kumi, dirisha moja, mlango wa chuma, bomba na choo viko nje mnatumia pamoja. Kitanda kiko nyuma ya pazia. Mbele ya pazia kuna meko, ndoo ya unga, mitungi ya maji, viatu, na kwenye kona nyuma ya mlango ndipo vinasongamana ufagio, brashi, kitambaa cha deki, sabuni ya unga, jik, dawa ya choo na dawa ya mende. Nilipokuwa Kitengela kwenye bedsita angalau nilikuwa na sinki, na ule uwazi wa chini nikaufunika kwa kipande cha leso. Nilijiona tajiri! Ingawa maji ya kisima ya huko yana chumvi, povu halitoki, unamwaga sabuni mara mbili na chupa zinazidi kurundikana.

Kwa hivyo sitawaambia mpange ili chumba kitoke vizuri kwenye picha. Ninachosema ni kwamba ukiishi kwenye chumba kimoja, unapanga kwa kuangalia kile kinachoweza kuua. Urembo utakuja baadaye ukipata nafasi. Na kitu cha kwanza kutoka sakafuni ni ile chupa ya soda.

Unaijua. Nusu lita, ya plastiki, imeoshwa haraka haraka, bado ina karatasi yake. Wengi wetu hatununui jik ya dukani yenye muhuri, tunanunua ya kupimiwa. Kuna msee mtaani anayechanganya sabuni ya maji na jik kwenye pipa, anauza kwa nusu lita au lita, na unakuja na chupa yako. Sina ubaya na biashara hiyo. Nina marafiki wanaolipa kodi nayo, na kwa mtu anayeishi siku kwa siku kununua kidogo kidogo ndio njia. Shida yangu ni chupa.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka mitatu. Walikuja kunitembelea siku moja ya jua kali, Januari, lile jua la huku linalofanya hata mbuzi watafute ukuta. Amecheza nje hadi amechoka, ameingia akiwa na kiu, akaona chupa ya soda ya limau karibu na mlango. Ndani kuna kitu cheupe kama maji chenye ukijani kwa mbali, yaani rangi ya soda ya limau kabisa. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Nilisikia kilio kabla sijageuka.

Dakika zilizofuata zilikuwa kama soko. Jirani mmoja alikuja na maziwa. Mama mwingine, mwenye roho safi tu, akasema nimtie mtoto kidole kooni atapike. Karibu nifanye hivyo. Dada yangu alikataa, sijui kwa nini, akamfunga mgongoni tukapanda boda kwenda hospitali. Daktari alituambia tuliponea hapo, kwa sababu kitu kilichochoma koo kikishuka kitalichoma tena kikipanda. Na kwa mafuta ya taa ni mbaya zaidi, mtoto akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Alisema nyumbani ni kusukutua mdomo, maji kidogo kidogo kama mtoto anaweza kumeza, kisha mbio hospitalini mkiwa mmebeba chupa yenyewe.

Chupa tulikuwa nayo. Akaishika, akaigeuza, akauliza, "Amekunywa nini?" Nikasema jik. "Jik gani? Kali kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Karatasi iliyobandikwa ilisema soda ya limau.

Mtoto alipona. Midomo ilibabuka na kwa siku kadhaa alikunywa uji wa vuguvugu tu. Na aliyeiweka ile chupa sakafuni ni mimi, si yule msee wa kuuza. Mimi mwenyewe nilimpelekea chupa hiyo, nikamlipa, nikairudisha nyumbani, nikaiweka karibu na viatu.

Sasa najua wasee wataniambia, "Mimi sina mtoto, naishi peke yangu." Buda, ploti ina watoto. Mlango wako unashinda wazi kwa sababu ya joto na watoto wa watu wanaingia kuomba uwachezee muziki. Halafu wewe mwenyewe. Stima zimepotea, umerudi usiku umechoka au umelewa, unapapasa gizani kutafuta maji. Mkono unaijua chupa ya soda kwa umbo lake. Hauulizi.

Suluhisho lenyewe halina gharama kubwa. Tafuta chupa iliyokuwa ya jik tangu mwanzo, iwe yako hata kama ni ya jirani aliyemaliza, na uende kupimiwa nayo daima. Ile chupa si nyeupe na nene kwa bahati mbaya. Jik huharibiwa na mwanga na joto, kwa hivyo ukiiweka kwenye chupa angavu dirishani, baada ya muda unasugua sakafu na maji yenye harufu tu. Yaani chupa ya soda inakuibia pesa hata siku ambayo haijamdhuru mtu. Na ninyi mnaouza, hebu mkatae. Mteja akija na chupa ya soda au ya maji ya kunywa, mwambie hapana. Atanung'unika, ataenda kwa jirani yako, halafu jirani yako naye akatae. Wekeni chupa chache za zamani pale, mteja aache amana ya shilingi chache, airudishe. Tulifanya hivyo na chupa za soda za glasi miaka yote, hakuna aliyekufa kwa aibu.

Kuna jambo la pili ambalo chumba kidogo hakikuachii. Ukiweka jik na dawa ya choo kwenye ndoo moja kwa sababu huna nafasi, siku moja zitamwagikiana. Au utazichanganya kwa makusudi, ukidhani mbili zitang'arisha kuliko moja. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na jik inatoka gesi ya klorini. Ndiyo ile ambayo jeshi la Ujerumani lilifungulia wanajeshi wa upande wa pili huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Sisemi choo cha ploti kitageuka uwanja wa vita, lakini ni chumba cha futi tatu kisicho na dirisha. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, usijifanye shujaa umalizie kusugua. Toka, acha mlango wazi. Mimi jik nimeihamishia upande mmoja wa mlango na dawa ya choo upande mwingine, hazikutani.

Dawa ya mbu ya kupuliza nayo isikae karibu na meko. Mkebe ule una gesi inayoshika moto na ukipata joto unaweza kupasuka. Hilo halihitaji hadithi.

Lakini Illasit ina kitu ambacho Kitengela haina, na ndicho kinanikosesha usingizi zaidi. Huku tunalima nyanya na vitunguu. Vijana wengi wa singo wanafanya kazi shambani, na pampu ya mgongoni inarudi nyumbani na mwenyewe kwa sababu ikibaki shambani itaibwa. Inalala chini ya kitanda. Dawa ya nyanya inalala pale pale, wakati mwingine imegawanywa na rafiki kwa chupa ndogo kwa sababu mkebe mzima ni ghali. Mkebe wa dukani una utepe wa rangi kwenye lebo: nyekundu ni sumu kali zaidi, kijani ni ya chini. Ukishamimina kwenye chupa nyingine, utepe umebaki kwa rafiki yako. Kwako kuna maji ya rangi ya maziwa, chini ya kitanda, kwenye chumba ambamo mtu anapika. Hii si ya kupangwa vizuri, ni ya kutoka ndani kabisa. Kama wapangaji wanne mna pampu, ombeni landilodi sanduku moja la chuma nje, lenye kufuli, mchangie.

Vingine vyote ni suala la kwenda juu. Zamani tungetundika kila kitu kwa juala kwenye msumari, lakini majuala Kenya yalipigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017, na wenzetu wa Tarakea hapo ng'ambo ya mpaka wakafuata Juni 1, 2019. Kusema kweli ilinisaidia. Juala lilikuwa linakatika. Sasa nina kikapu cha sokoni kilichozeeka, nimekitundika juu kuliko kichwa changu, ndani jik na sabuni ya unga. Unga wa ugali umeenda kwenye ndoo yenye kifuniko, upande wa pili wa chumba. Kama hujawahi kula ugali wenye harufu ya sabuni ya kufulia, endelea kumshukuru Mungu. Kitambaa cha deki kinakauka nje kwenye kamba, kwa sababu kikikaa kimelowa nyuma ya mlango kinanuka kuliko uchafu kilichofuta.

Msumari ndio ulileta vita. Landilodi wetu hataki misumari. Ukuta utapasuka, rangi itaharibika, ukihama nitakukata amana. Ninamwelewa, nyumba ni yake. Ila na yeye anielewe. Anajenga vyumba kumi, anaweka vigae vya kung'aa mlangoni ili aongeze kodi, halafu hakuna chumba hata kimoja chenye ubao juu ya ukuta. Ubao mmoja tu, mrefu kama mkono, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda mtungi. Fundi akiwa bado yupo na mbao za kuezekea zimebaki, hiyo ni kazi ya nusu saa. Wenye nyumba wa Illasit na Kitengela wanaoendelea kujenga, hicho ndicho ninachowaomba kabla hamjaleta vigae.

Mimi wa kwangu nilimwendea wiki iliyopita. Nilimwamkia vizuri, nikamwambia, "Mzee, si kwa ajili ya urembo," nikamweleza habari ya yule mtoto. Alinyamaza kidogo, akasema ana wajukuu, atafikiria. Ubao nimeshapata, ni wa kreti ya nyanya. Nasubiri neno lake nigonge misumari minne.