Santuri Haina Joto

Kuna maneno yamekuwa kama kiitikio kwa vijana wa Nairobi wanaonunua santuri: eti sauti ya santuri ina joto, ya CD ni baridi, na ya simu hata si muziki. Nimeyasoma Instagram chini ya picha za sindano ikigusa sahani. Majuzi jamaa mmoja akaniandikia kwamba kama sijawasikia Les Wanyika kwenye santuri, basi sijawahi kuwasikia. Mimi naishi Sachangwan. Huku joto tunalijua, na linatoka jikoni.

Haya, tuanze na hao Les Wanyika. "Sina Makosa" imebebwa na gita la besi la Tom Malanga. Uzi mnene kabisa wa gita kama hilo hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kutoa mtetemo huo hata uipigie magoti. Ukisikiliza kwa simu, besi inapotea na utamu wote unaenda nayo. Lakini hapo kosa ni la spika, faili haina hatia. Chukua faili hiyo hiyo uiweke kwenye woofa ya kinyozi pale Salgaa, na Malanga atarudi hadi kioo kitikisike. Watu wa santuri wanachukua mashine ya laki moja, wanaishindanisha na simu ya ngiri nane, halafu wanatangaza kwamba santuri imeshinda. Imeshinda nini?

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii haihitaji digrii. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde. Hiyo inatosha kubeba mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde na zaidi kidogo, na sikio la mtu mzima kwa kawaida huwa limeshachoka kabla ya kufika huko. Kwa santuri, besi lazima ipunguzwe wakati wa kukata mfereji, la sivyo sindano itaruka, kisha amplifaya ya nyumbani ndiyo huirudisha. Na kadiri sindano inavyokaribia katikati ya sahani, kila mzunguko unakuwa mfupi, sauti inabanwa na kuanza kukwaruza. Kwa hiyo mnaposema joto mnasema nini? Besi iliyotolewa na kurudishwa, makali ya juu yaliyolika, na vumbi. Mtu ana haki ya kupenda vumbi. Asiniambie tu kwamba hivyo ndivyo bendi ilivyosikika studioni.

Tena wajuzi wenyewe walishaumbuka. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayouza santuri za bei kali, ilikuwa kwa miaka mingi ikipitisha nyimbo nyingi kwenye hatua ya kidijitali kabla ya kukata sahani. Sahani hizo ndizo walizokuwa wakizisifu kama mfano wa muziki usioguswa na kompyuta. Masikio yao hayakuwashtua, walishtuka walipoambiwa. Baada ya hapo wakaenda mahakamani.

Sasa msidhani natetea takataka. Madereva wa malori wanaolala Salgaa hununua nyimbo kwenye flashi, mia tano kwa mpigo, na nyingi zimebanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde. CD hubeba 1,411. Yaani kimebaki kama sehemu moja ya kumi na moja, na mara nyingi wimbo umeshatolewa YouTube, ukapitia WhatsApp, ukabanwa tena kabla ya kufika kwenye flashi. Matoazi yanachirizika kama mafuta kwenye kikaango. Hilo ni baya, na ni baya kwa sababu ya uvivu. Faili nzuri ya wimbo huo huo ingeingia kwenye flashi hiyo hiyo bila shida.

Lakini ugomvi wangu hasa hauko kwenye chombo. Uko kwenye chanzo.

Nyimbo nyingi za Nairobi za miaka ya 1970 zilitoka kwenye sahani ndogo za 45. Upande mmoja hubeba dakika nne au tano hivi, na bendi za wakati ule hazikuwa na haraka hiyo. Basi wimbo ukakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, na mara nyingi magita huachiliwa huko B. Leo unaukuta wimbo mtandaoni, mtu kaweka upande A pekee, na unakufa pale pale ulipoanza kunoga. Hebu niambie, hapo santuri ingekusaidia nini? Ndiyo iliyoukata.

Angalia albamu kama Kenya Special, iliyotolewa na Soundway ya London mwaka 2013, yenye nyimbo za hapa za miaka ya 1970 na 1980. Watu wanabishana kama inasikika vizuri zaidi kwenye sahani, CD au faili. Ubishi wa bure. Wimbo wa zamani ukikosa kanda yake ya studio, lazima uchukuliwe kutoka kwenye sahani ya 45 ambayo labda ilichezwa baa miaka kumi kwa sindano butu. Mkwaruzo wa ile baa utaingia kwenye sahani mpya, kwenye CD na kwenye faili pia. Halafu mtu ananunua ile sahani mpya kwa bei inayokaribia gunia la viazi, anaketi, anafumba macho, anasema anasikia uhalisia.

Huku Bonde la Ufa tunajua jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis pale Kapkatet wakiimba "Chemirocha", wimbo kuhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake zilikuwa zimefika vijijini. Waliisikia sauti ngeni kwenye gramafoni wakaifanya yao. Rekodi yenyewe ikaenda kuhifadhiwa Afrika Kusini. Mimi nimeisikia nikiwa hapa hapa, kwa sababu mtu aliigeuza faili. Kama angengoja niwe na gramafoni, ningekufa sijaisikia.

Na Joseph Kamaru alipofariki mwaka 2018, mjukuu wake, anayeitwa jina hilo hilo na kufahamika kama KMRU, alizichukua nyimbo za babu yake akaziweka Bandcamp, zinunuliwe na jina la mwenyewe likiwa juu yake. Huo ndio upendo wa santuri ninaouelewa. Kuna mwingine: jamaa alitaka kununua sahani za marehemu babu yangu azibandike kwenye ukuta wa baa. Wengine wanazicheza kila Jumapili kwa vile vimashine vya sanduku vyenye mkono mzito, na kila mchezo unakwangua kidogo. Hao wanakula mbegu.

Sahani ya zamani ioshwe, ichezwe mara moja kwa sindano nzima, irekodiwe bila kubanwa, pande zote mbili ziunganishwe, majina ya wapigaji yaandikwe, kisha irudishwe kwenye bahasha yake. Kazi si kubwa. Sanduku la babu lina sahani hamsini na mbili. Kwa dakika nne na nusu kila upande, yote haifiki saa nane. Nimemaliza arobaini na moja. Zile kumi na moja zinangoja sindano mpya, kwa sababu ya mashine niliyoazima Nakuru imechoka, na sitaki iguse kitu.