Akili mnemba ipewe zana zenye lebo ya hatari

MKULIMA wa mpunga au ufuta wa Ilemba, katika Bonde la Ziwa Rukwa, anaponunua dawa ya kuua wadudu hutazama mambo mawili kwenye chupa: utepe wa rangi na maelezo ya matumizi. Utepe mwekundu humwonya kuwa sumu ni kali mno. Wa kijani humwambia hatari yake ni ndogo. Chupa ikibanduliwa lebo, hata bwana shamba hawezi kusema kwa hakika kilichomo.

Tatizo kama hilo sasa linawakabili watengenezaji wa programu za kompyuta, ambao wameanza kuwakabidhi kazi mawakala wa akili mnemba. Wakala wa aina hii ni programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida, kisha ikachagua yenyewe zana ya kulitekeleza. Huchagua kwa kusoma maelezo mafupi ya kila zana. Maelezo hayo yasipotaja hatari, wakala anaweza kuharibu akidhani anatengeneza.

Kazi ya watengenezaji hao hutunzwa katika hifadhi za msimbo, kama zile za GitHub na GitLab. Hifadhi ni mfano wa ghala lenye daftari: kila badiliko huandikwa, limefanywa na nani na lini. Kutengua badiliko kwa kuandika jingine la kulifuta ni sawa na karani kupiga mstari juu ya kosa. La zamani bado linasomeka. Kulazimisha historia mpya juu ya ya zamani ni kuchana ukurasa. Zana zote mbili zinaweza kuitwa za 'kurekebisha', lakini madhara yake hayafanani hata kidogo.

Hasara imekwisha kuonekana. Julai 2025, mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akijaribu wakala wa kampuni ya Replit. Ingawa aliagiza pasiwe na badiliko lolote, wakala alifuta kanzidata yenye taarifa za wakurugenzi zaidi ya 1,200. Kisha akamweleza kuwa haziwezi kurejeshwa, jambo ambalo halikuwa kweli: zilirejeshwa. Mkuu wa kampuni hiyo, Amjad Masad, aliomba radhi na kutangaza kutenganisha kumbukumbu za majaribio na zile za kazi halisi.

Binadamu naye hukosea. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kumbukumbu kwenye kompyuta siyo, na taarifa za takriban saa sita zikapotea. Nakala za akiba zilipotafutwa, ikagundulika kuwa baadhi ya njia za kuzihifadhi hazikuwa zikifanya kazi.

Kwa hiyo, lebo ya zana ya kuharibu inapaswa kujibu maswali manne: inafuta nini, kinaweza kurudishwa, kwa muda gani, na nani aidhinishe kwanza. GitHub, kwa mfano, huruhusu hifadhi nyingi zilizofutwa kurejeshwa ndani ya siku 90. Lakini faili ambalo halijawahi kuingizwa kwenye daftari, likifagiliwa, huenda lisirudi kamwe.

Utaratibu wa kuunganisha mawakala na zana uitwao MCP, uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, tangu Machi 2025 una nafasi ya alama hizo. Zana isiyo na alama hizo huhesabiwa kuwa yaweza kuharibu. Hata hivyo, utaratibu huo wenyewe unaonya kuwa alama si za kuaminiwa zikitoka kwa mtu asiyeaminika. Lebo haizibi chupa. Ndiyo maana wakala anapaswa kupewa ruhusa ya kusoma tu pale kazi isipohitaji zaidi, na nakala za akiba zijaribiwe kabla ya msiba.

Haya yanamhusu vipi mkulima wa Ilemba? Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku imetolewa kwa wakulima walioandikishwa katika mfumo wa kompyuta. Mazao yanayouzwa kwa stakabadhi za ghala, ufuta ukiwamo, hunadiwa kwa mtandao kupitia soko la bidhaa la TMX. Uzito wa gunia, jina na malipo sasa vimo kwenye kumbukumbu ambazo mwenye mali hazishiki mkononi.

Siku chama cha ushirika kitakapoletewa mfumo wenye akili mnemba, wanachama waulize mkutanoni: inaweza kufuta nini, kwa idhini ya nani, na nakala iko wapi? Hadi majibu yapatikane, risiti ya mizani isitupwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.