Bi Hawa alipewa nini?

KIBARAZANI, kila Jumapili
Na Mjomba wa Magomeni

Usiku wa kuamkia Jumatano niliamka kunywa maji, saa tisa hivi, nikamkuta mpwa wangu amekaa jikoni, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya barafu, macho mekundu kama ametoka moshini. Mezani kulikuwa na makopo matatu ya vinywaji vya kuongeza nguvu, na desa. Fotokopi ya fotokopi, imefifia upande wa kulia, mwisho wa kila mstari unakisia mwenyewe. Alikuwa anajisomea kwa sauti ya chini, midomo inacheza. Nilimwita mara mbili, hakusikia.

Yuko mwaka wa tatu wa sheria. Mtihani wa sheria ya familia ulikuwa Ijumaa, na huo ulikuwa usiku wake wa tatu wa kukesha. Nimeshinda na hasira wiki nzima, na naomba ieleweke kwamba yeye sikumkasirikia hata kidogo.

Bibi naye akawa ameamka.   Akavuta kigoda, akauliza, "Mjukuu wangu, unahifadhi nini usiku wote huu?"

"Kesi ya Bi Hawa, Bibi. Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mahakama ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971." Aliitoa yote kwa pumzi moja, kama wimbo wa shule.

Bibi, ambaye amepika na kufua katika nyumba ile kwa zaidi ya miaka hamsini, akaweka tasbihi chini. "Enhee. Kwa hiyo huyo Bi Hawa alipewa nini?"

Kimya. Mtoto akafungua desa, akapekua mbele, akarudi nyuma. Halikusema. Usiku wa tatu huo, na hajui yule mama aliondoka mahakamani na nini mkononi.

Nikamwambia atoe miguu majini, alete simu. Hukumu za mahakama zetu zimewekwa TanzLII, bure, mtu yeyote anasoma. Tukaisoma pamoja pale pale, yeye akimfafanulia Bibi kwa Kiswahili kila aya, maana hukumu ni ya Kiingereza. Ndipo ilipotoka. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikuta majaji wa Mahakama Kuu wamegawanyika: wako waliosema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, na wako waliosema ni mchango. Wakaamua ni mchango. Lakini mume alikuwa amempa Bi Hawa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitapanya. Mahakama ikahesabu kwamba fungu lake ameshalitumia. Rufaa ikatupwa.

"Kumbe amewashindia wenzake," Bibi akasema, "yeye akatoka mikono mitupu."

Mpwa wangu akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Kesi ile sasa hataisahau hata akiwa na umri wa Bibi.

Na sehemu iliyoachwa na desa ndiyo penye mtihani. Mtunga maswali mwenye akili hakuulizi Bi Hawa alisema nini. Anakupa mke aliyepewa mtaji na mume, duka likafa, ndoa ikavunjika, halafu anakuachia wewe umshauri. Aliyemeza mstari mmoja atamwandikia mteja kwamba anashinda, na mteja huyo atalala njaa.

Mwandishi wa desa lile hajulikani. Linauzwa stesheneri, karibu na geti la chuo, na wiki hii nilipita hapo nikakuta foleni imefika barabarani saa tatu usiku. Linauzika kwa sababu wako wahadhiri wanaorudia maswali yale yale mwaka hadi mwaka. Basi. Sihitaji kuundiwa kamati kuniambia hilo. Kamati tuliwahi kuiona: Oktoba 2022, matokeo ya Shule ya Sheria, wanakokwenda wahitimu wa vyuo kusomea uwakili, yalipotoka, watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, Waziri Ndumbaro akamkabidhi Dk Harrison Mwakyembe timu ya kuchunguza. Nchi nzima ikajaa lawama, vyuo na shule zikitupiana mpira. Mimi niliwafikiria wale 607 wakipiga simu nyumbani.

Na sisi wakubwa tumo. Kila mwanasheria anayepita kwangu anamsimulia mtoto huyu jinsi enzi zake walivyokesha, nani alidisko, nani alianguka ukumbini. Wanamtisha halafu wanakunywa chai yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kuisoma hukumu: nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, ilijibu nini, kwa sababu gani, nani aliondoka na nini. Ukurasa mmoja kwa mkono wako mwenyewe, kwa maneno yako, kisha umsimulie mtu asiyesoma sheria mpaka aelewe. Kesi tatu kwa siku kuanzia wiki ya kwanza ya muhula, siyo sitini katika usiku tatu. Na kulala, jamani. Ulichosoma mchana kinakaa kichwani ukiwa usingizini. Anayekesha anamwaga alichokiteka.

Alhamisi jioni alimsimulia Bibi kesi tano, wakikaa mkekani, Bibi akikatiza kila dakika: nani alilea watoto, nyumba iliandikwa kwa jina la nani, mke mdogo naye je? Maswali mawili hakuweza kuyajibu, akarudi kwenye hukumu kutafuta majibu.

Saa nne usiku nilimwona tena anaelekea jikoni. Bibi alikuwa amemtangulia. Alishika beseni, akayamwaga maji yote kwenye mpapai pale dirishani, akalifuta kwa kanga.

"Hili la kuoshea mchele," akasema. "Nenda kalale."