Joto la Chumba cha Nani?

Ipo kanuni moja juu ya divai nyekundu ambayo hukaririwa hata na mtu asiyepata kuionja: kwamba haiwekwi baridini, bali hunywewa kwa joto la chumba. Katika karamu za wasomi wetu kanuni hii hutamkwa kama sheria, na mgeni anayethubutu kuitia chupa yake katika jokofu hutazamwa kama mtu aliyekosa adabu mbele ya wakwe. Madai yangu ni kwamba mgeni huyo ndiye mwenye haki, na wanaomtazama ndio waliokosea. Tena kosa lao si la kinywaji tu, bali ni la namna yetu ya kupokea maarifa. Kwa sababu hiyo hoja hii inawahusu hata wasomaji wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari yao, ambao sina nia ya kuwashawishi.

Kanuni hiyo ina kwao. Ilizaliwa Ulaya, katika nyumba za mawe zenye ghala chini ya ardhi, ambamo joto lilikuwa nyuzi 10 au 12 tu za sentigredi. Divai iliyotolewa humo ilikuwa baridi mno, na ukali wake ulikithiri ulimini. Hivyo ilipandishwa chumbani mapema ipate uvuguvugu kidogo. Wafaransa walikiundia kitendo hicho kitenzi, chambrer, kutokana na neno lao la chumba. Lakini chumba hicho, kabla nyumba hazijatiwa mitambo ya kupasha joto, kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Chumba cha Dar es Salaam, mchana wa Januari, kina nyuzi 30 na zaidi. Neno ni lile lile, chumba. Kitu chenyewe ni mbali mbali. Tumetafsiri maneno, maana tukaiacha ng'ambo.

Matokeo yake huonekana katika bilauri. Divai nyekundu ikipata joto la namna hiyo, kileo chake hupanda puani na kufunika harufu ya tunda. Ikiwa baridi kupita kiasi, harufu hujificha na ukakasi huzidi. Ukakasi huo hutokana na tanini iliyomo katika maganda na kokwa za zabibu. Kwa kuwa divai nyekundu huachwa ichachuke pamoja na maganda, ambayo ndiyo huipa rangi yake. Aliyepata kula bibo lisiloiva hana haja ya kufundishwa ukakasi ni nini. Basi anayeanza na aiweke chupa yake katika jokofu kama saa 1, au katika ndoo ya maji na barafu kama robo saa. Aitoe ikiwa baridi kupita maji ya mtungi, walakini si baridi ya barafu. Kisha ajaze theluthi tu ya bilauri, ili harufu ipate mahali pa kukaa. Hakuna siri nyingine.

Kanuni ya pili wanayoikariri wajuzi wetu ni kwamba divai ya ghali ni bora, na ya kale ni bora zaidi. Hii nayo haina mashiko. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walitoa habari za jaribio lao: wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Mwaka 1976, mjini Paris, waamuzi Wafaransa walionja bila kuonyeshwa majina, wakaiweka divai nyekundu ya California mbele ya zile za Bordeaux walizozoea kuzitukuza. Ikiwa mabingwa hawa walidanganywa na macho yao na majina, sisi tunadanganywa mara ngapi na bei? Bei hubeba ushuru, nauli, uzito wa chupa na sifa. Na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ama ukongwe, divai nyingi ulimwenguni hutengenezwa zinywewe katika miaka michache. Ni chache tu zinazopata manufaa kwa kungoja, nazo hungoja gizani, katika joto la nyuzi kama 12 au 14 lisilobadilika. Nani kwetu ana ghala hilo?

Kwa hiyo mnunuzi aanze kwa kulitazama duka kabla ya kuitazama chupa. Chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua miezi mingi imekwisha kupikwa, hata ikiwa na jina kubwa namna gani. Na kizibo kilichojisukuma juu, au shingo yenye utomvu wa divai iliyovuja, ni ushahidi wa joto. Anunue ya bei ya kadiri, na asinunue nyingi kuliko atakayoinywa karibuni. Nyumbani aiweke mahali penye giza na ubaridi kuliko pengine pote, mbali na jiko. Yenye kizibo cha gome la mti ailaze, kizibo kisikauke na kupitisha hewa. Yenye kifuniko cha kuzungusha na isimame, haidhuru. Akiisha kuifungua, aizibe na kuirudisha katika jokofu. Itadumu siku 3 hivi kabla hewa haijaielekeza kwenye siki.

Wanaoumia zaidi kwa ujuzi huu wa kukariri ni wakulima wa Dodoma. Huko, katika nchi kavu ya kati ya Tanzania, mizabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya halipatikani. Divai yake husafirishwa katika joto, huwekwa rafuni katika joto, kisha humiminwa katika joto. Na msomi aliyeketi mezani hukunja uso na kusema kwamba nchi yetu haijui kutengeneza divai. Ikiwa chupa ya Ufaransa imepata mateso hayo hayo, husema kwamba yeye bado hajaizoea. Hii si hukumu ya ulimi. Ni hukumu ya karatasi iliyobandikwa chupani, na hasara yake humwangukia mkulima asiyekuwapo mezani kujitetea. Sidai kwamba divai yote ya Dodoma ni njema. Nadai kwamba chupa 2 zifunikwe kitambaa, zipewe ubaridi mmoja, zionjwe, ndipo neno lisemwe.

Mwanafunzi wa chuo kikuu hana udhuru wa kupokea kanuni bila sababu yake, maana sababu ndiyo aliyoijia hapa. Kanuni ya nchi ya baridi haiwi elimu kwa kusafirishwa. Huwa elimu ikiisha kuulizwa ilitungwa wapi, kwa ajili ya nini, na kama jambo hilo lipo kwetu. Wale watakaoendelea kunywa divai vuguvugu kwa kuogopa kuchekwa na wajuzi, waendelee; lakini wasiliite woga huo ustaarabu.