Uzito wa Kiti cha Rais

Mara nyingi twasikia watu wakisema: «Rais achoshwe na nini? Kazi yake ni kuamuru tu.» Basi tumtazame Rais wetu wa kwanza, Bwana Joseph Kasa-Vubu.

Bunge lilimchagua mwezi wa Juni 1960, na tarehe 30 ya mwezi huo nchi ikapata uhuru. Juma moja halijatimia, askari wakawaasi maofisa wao. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, pamoja na mapato ya shaba yake. Mwezi wa Agosti Kasai ya Kusini ikafuata. Rais alikuwa na kiti, lakini jeshi halikutii na hazina ilikuwa imetoboka.

Tena, sheria iliweka wakubwa wawili. Tarehe 5 Septemba Rais alimwondoa Waziri Mkuu, Bwana Patrice Lumumba. Naye Lumumba akatangaza kwamba amemwondoa Rais. Watoto wa nyumba moja wamfuate nani? Tarehe 14 Kanali Mobutu akatangaza kuwaweka kando wote wawili, na tarehe 24 Novemba 1965 akakitwaa kiti chenyewe.

Hatusemi kwamba Kasa-Vubu hakukosa. Twasema kwamba amri ya Rais hufika pale tu wengine wanapokubali kuitii. Kila baba ajua hilo: kupaza sauti si kutawala nyumba. Basi, kabla ya kumhukumu mwenye kiti, tujiulize: mzigo huu wa nchi, sisi tumeushika upande gani?