Jezi, pasi na kitambulisho: nani mwananchi?

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Lakini siku hizi hapana budi tuulize: kwao ni wapi? Ni pale kilipozikwa kitovu chake, ni pale alipofunzwa kazi, au ni pale ilipopigwa muhuri pasi yake?

Swali hili nililikuta Machakos, nilikokwenda kwa harusi ya jamaa yangu. Kwa fundi wa baiskeli, karibu na soko, wazee wawili walikuwa wakibishana juu ya Chris Froome. Mmoja alishikilia kuwa yule ni wetu, kwani kazaliwa Nairobi. Wa pili akamwuliza: "Wetu vipi, mzee mwenzangu? Bendera aliyoipandisha ilikuwa ya nani?" Fundi hakusema neno, alikuwa akiziba pancha.

Kila mmoja alikuwa na hoja. Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, wazazi wake wakiwa watu wa asili ya Uingereza. Baiskeli alifunzwa Kikuyu na David Kinjah, nahodha wa waendeshaji wetu, akipanda vilima pamoja na vijana wa pale. Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Mwaka huo huo alikwenda Salzburg, Austria, kwenye mashindano ya dunia ya vijana, na huko timu ya Kenya ilikuwa ni yeye peke yake. Mwenyewe amesimulia kuwa alijiandikisha kwa kutumia anwani ya barua pepe ya mkuu wa chama cha baiskeli, bila ya mwenyewe kujua.

Mwaka 2008 alichukua leseni ya Uingereza, nchi ambayo pasi yake alikuwa nayo tangu zamani. Kisha akashinda mbio kuu za Ufaransa mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Hapo ndipo Wakenya wengi tulipokumbuka kwamba ni mwenzetu.

Sidhani kuwa yafaa kumlaumu. Kijana anayejiandikisha mwenyewe na kusafiri bila ya kocha hakuihama timu, kwani timu haikuwapo.

Machakos si wageni wa mambo haya. Hapa ndipo alipotoka Cosmas Ndeti, aliyeshinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995, akamwita mwanawe Boston. Hapa pia ndipo alipotoka Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Wote wawili walichuma ugenini, na uraia wakabaki nao. Lakini mwanariadha huhitaji viatu na barabara tu. Baiskeli ya mashindano ina bei ya gari, na hudai fundi, gari la kufuatia na wenzako wa kukukinga upepo. Asiye na chama chenye nguvu nyuma yake hafiki mbali.

Sisi wa Pwani tuna mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi, nao ni wa nchi za Ghuba. Wasomaji watakumbuka kuwa mwaka 2003 Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akawa Saif Saaeed Shaheen. Mwezi huo huo wa Agosti, mjini Paris, alishinda mbio za kuruka viunzi na maji, na nduguye Abraham alikuwa katika mbio zile zile akiikimbilia Kenya. Kenya ilikataa kumsamehe muda wa kungoja, naye akaikosa Olimpiki ya Athens ya 2004, ambako Wakenya walichukua medali zote tatu za mbio hizo.

Imani ya mtu ni baina yake na Mola wake, nami siingii hapo. Lakini sisi tumefunzwa kuwa mtu huitwa kwa jina la babake, na kwamba kusilimu hakumlazimishi mtu kuufuta ukoo wake. Basi jina linalokuja pamoja na pasi na mshahara linatupa la kufikiri. Mwaka 2018 wakuu wa riadha duniani waliweka sheria mpya: anayehama nchi angoje miaka mitatu, na asiwe chini ya miaka 20.

Katika baiskeli watu wa Ghuba wameshika njia nyingine. Huko Imarati hugharimia timu, na bendera ya mtu huachwa kama ilivyo. Tadej Pogačar hulipwa na timu ya Imarati, lakini mwaka 2025 huko Kigali, mashindano ya dunia yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, alishinda kwa jina la Slovenia. Wa tatu alikuwa Ben Healy, mzaliwa wa Uingereza anayeendesha kwa Ireland kwa sababu ya asili ya babu zake.

Tazama basi ajabu yake, ndugu msomaji. Mwanamichezo asili ya babu humfungulia mlango. Huku kwetu, kijana wa Kiislamu wa Pwani akienda kuomba kitambulisho, aliulizwa karatasi za babu kwa nia ya kumzuia. Wapemba wa Kilifi na Kwale, waliozaliwa hapa na kuzika wazee wao hapa, walivua samaki miaka na miaka bila ya kipande, mpaka Serikali ilipowatambua kuwa Wakenya mwaka 2023. Wamakonde walitangulia kwa miaka michache tu. Na ukaguzi wa ziada kwa watu wa kaunti za mipakani haukuondolewa ila mwaka 2025.

Kwa nini aliyezaliwa Nairobi akashinda Paris tukamwita wetu bila ya kuulizwa shahidi, na aliyezaliwa Shimoni akatakiwa alete mashahidi? Jibu langu ni kuwa tumeufanya uraia kuwa zawadi ya mshindi. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Yasema kuwa mtoto wa mama au baba Mkenya ni Mkenya, hata akichukua uraia wa pili. Haikutaja medali wala kabila.

Yule mzee wa Machakos aliuliza bendera ni ya nani. Swali ni zuri, lakini laja nyuma. Lililo mbele ni hili: kabla kijana hajashinda, alipokuwa na baiskeli mbovu au mashua ya kuazima, nani alimwandika katika daftari lake?