Mtoto Aliyechelewa Kulia Asisahauliwe

Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, akasaidiwa kupumua na hatimaye akalia, huandikwa daftarini kuwa ni mzima, naye mama huruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa maoni yangu, hapo huduma yetu hukatika mapema mno.

Katika dakika ile ya kwanza Tanzania imepiga hatua kubwa. Utafiti wa hospitali nane nchini, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kwamba baada ya wakunga kufundishwa kumsaidia mtoto kupumua, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Lakini ubongo huchukua miaka kuonesha kilichoupata. Wapo watoto wanaokua bila tatizo lolote, hasa waliodhurika kidogo. Wengine hupata mtindio wa ubongo, kifafa, au upungufu wa kusikia na kuona. Na wapo wanaotembea kwa wakati wake, kisha wakakwama darasani.

Uingereza, watoto walioshushwa joto la mwili ili kuukinga ubongo walifuatiliwa hadi umri wa miaka 6 na 7. Ni asilimia 52 tu waliokuwa hai wakiwa na kiwango cha akili cha 85 au zaidi. Wasioshushwa joto, 39. (Tiba hiyo tusiikimbilie: India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo ya mwaka 2021 yalionesha kuwa iliongeza vifo.) Kisingalijulikana hayo kama ufuatiliaji ungaliishia wodini.

Kwetu, chanjo ya miezi 18 ikishatolewa, mama wengi hawarudi tena kliniki. Kadi hufungiwa sandukuni, na mara nyingi haisemi popote kwamba mtoto alichelewa kulia. Iandikwe: alisaidiwa kupumua kwa dakika ngapi, alipata degedege au la, alianza kunyonya lini. Na tarehe za kurudi zifike hadi umri wa kuanza shule.

Mama naye aelezwe waziwazi kabla ya kuondoka. Mtoto wa miezi minne ambaye shingo haijakaza, anayekunja ngumi muda wote, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, aletwe mara moja. Mazoezi ya viungo yasisubiri. Tukinyamaza, jirani atamwambia kwamba hakusukuma vizuri, naye ataamini.